Maswali ya wasomaji: Shampuu ilianzia mgongoni

Toleo lililopita nilichomeka mstari mmoja tu, tena wa kupitia, kwamba neno shampuu mwanzoni halikuwa na habari yoyote na nywele. Sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi, mengine ya kujua kweli, mengine ya kunizodoa, na mmoja kaniita mzushi. Basi leo ukurasa wote ni wa maneno ya kujipamba, tuanze na hilo lililoleta vurugu.

Shikamoo mwandishi. Uliandika kwamba shampuu sio neno la nywele afu ukaliacha hewani. Mimi nafanya kazi saluni, shampuu naishika toka asubuhi mpaka jioni, na wateja wangu wameshaanza kubishana. Hebu maliza ulichoanza.

Marahaba mwanangu, na samahani kwa kukuletea ugomvi kazini.

Neno lenyewe ni la Kihindi. Kuna kitenzi champna, maana yake kubonyeza, kukandamiza, kukanda kwa mikono. Ukitaka kumwamuru mtu akufanyie hivyo unamwambia "champo!", yaani kanda! bonyeza hapo! Sasa Waingereza walioenda India enzi za ile Kampuni ya Mashariki ya India, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa na jeshi lake huko, walikuta wenyeji wana ufundi wa kukanda mwili mzima, mgongo, mabega, miguu, mpaka vidole vinavutwa kimoja kimoja vinalia ko, ko, wakanogewa, wakalichukua neno vilevile lilivyo kwenye amri na kulifanya lao. Kwahiyo Mwingereza wa wakati ule akikwambia nimefanyiwa shampuu usimwangalie kichwani, huyo katoka kukandwa, na kichwa chake inawezekana hakijaona maji wiki nzima.

Kwenye maandishi ya Kiingereza neno limeonekana mwaka 1762, kwenye kitabu cha msafiri mmoja wa baharini, na anachosema kinachekesha kweli. Anasema kama asingewaona wafanyabiashara kadhaa wakifanyiwa shampuu kabla yake basi angeingiwa na hofu, hasa alipoviangalia vile vifaa. Sasa jiulize, nani mtu mzima anaogopa shampuu? Mtu anayejua anaenda kukunjwakunjwa viungo na mtu asiyemjua, huyo ndo anaogopa!

Lakini aliyelipeleka neno likakaa midomoni mwa watu huko Uingereza ni jamaa mmoja anaitwa Sake Dean Mahomed, na stori yake mi siichoki. Kazaliwa Patna, India, mwaka 1759, akiwa bado mtoto akaingia kwenye jeshi la ile Kampuni akimfuata afisa mmoja wa Kiayalandi, wakaja kuhamia wote Cork, Ireland, mwaka 1784, huko akaoa, akaandika kitabu cha safari zake kilichotoka 1794, ambacho ndo kitabu cha kwanza Mhindi kukiandika na kukichapisha kwa Kiingereza. Mwaka 1810 akafungua mgahawa wa chakula cha Kihindi London, biashara haikwenda, 1812 akafilisika. Mtu mwingine hapo angekata tamaa, maana umri ulishapita hamsini na mfukoni hamna kitu. Yeye mwaka 1814 akabeba familia yake akahamia Brighton, mji wa pwani ambao matajiri walikuwa wanaenda kuoga maji ya bahari kwa ajili ya afya, akaanza kuwafanyia shampuu.

Na shampuu yake ilikuwa hivi. Mgonjwa anaingizwa kwenye mvuke wa moto uliotiwa mitishamba, anakaa humo mpaka jasho linamtoka la kutosha, halafu anafunikwa na kahema kadogo ka kitambaa cha flaneli kenye mikono kama ya shati, ila mikono hiyo inaingia ndani badala ya kutoka nje. Mkandaji anasimama nje, anapenyeza mikono yake kwenye ile mikono ya hema, anaanza kumkanda mtu aliyemo ndani. Hebu piga picha, umekaa gizani kwenye mvuke, humwoni mtu, mara mikono miwili hiyooo inakuja kukushika mabega.

Watu walipona au walijisikia wamepona, maana walikuwa wanakuja na baridi yabisi, viungo vilivyokakamaa, mguu uliotenguka zamani, wakiondoka wengine wanaacha magongo yao ya kutembelea palepale na yeye anayatundika ukutani wateja wapya wayaone. Tangazo gani linashinda hilo? Mwaka 1822 akatoa kitabu kingine, kinaitwa Shampooing, cha kuelezea faida za tiba yake, na wafalme wawili, George wa nne na William wa nne, wakampa cheo, cheo chenyewe nakiandika kama kilivyo manake kina utamu wake: "shampooing surgeon". Daktari mpasuaji wa shampuu!

Utamu uko hapa. Neno "surgeon" lina mizizi ya Kigiriki, kheir ni mkono na ergon ni kazi, kwahiyo mpasuaji kwa asili ni mtu wa kazi ya mikono, na shampuu kwa asili ni kukanda kwa mikono. Cheo kizima ni mikono mitupu, hakuna chupa hata moja, hakuna povu, hakuna harufu ya nazi.

Sasa ilifikaje kichwani? Kichwa nacho kilikuwa sehemu ya mwili inayokandwa, na ukiongeza sabuni na maji kwenye kule kukanda kichwa umepata kitu ambacho wewe mwanangu unakifanya kila siku hapo saluni. Kufikia miaka ya 1860 Kiingereza kilikuwa kinatumia neno hilo kwa maana ya kuosha nywele, na katika miaka hiyohiyo likaanza kuitwa hata lile dawa lenyewe la kuoshea. Mahomed alishafariki 1851, hakuyaona hayo. Ile maana ya kukanda mwili ikabaki bila neno, ndo likaingia lile la Kifaransa ambalo na sisi tunalo, masaji.

Kwahiyo waambie wateja wako wote wako sawa kidogo. Na siku ukiwa unamwosha mtu afu anafumba macho anakwambia "hapo hapo, bonyeza tena hapo", ujue ametamka kwa Kiswahili neno shampuu lilivyokuwa kabla halijapanda meli.

Wewe mwandishi mzushi. Shampoo ni Kiingereza tupu, sham maana yake feki, poo ni kinyesi, walikuwa wanaitukana sabuni ya uongo. Nimesomea.

Kaka, nimekubali kuitwa mzushi lakini hii yako ndo uzushi wenyewe, tena umekaa vizuri kweli, mpaka nimeucheka peke yangu.

Ni kweli Kiingereza kina neno "sham" la kitu cha kughushi, na lile la pili ni lugha ya watoto wakitaka kwenda haja kubwa. Ila kukatakata neno vipande na kila kipande ukakitafutia maana hapohapo kwenye lugha unayoijua, hiyo haijawahi kuwa njia ya kujua asili ya neno. Ni sawa na mtu akwambie karatasi ni "kara" na "tasi", kumtafuta samaki anayeitwa tasi ndani ya daftari! Maneno ya kigeni yakiingia kwenye lugha huwa yanavalishwa nguo za wenyeji, usije ukaidhania nguo ndo ngozi.

Kuna uzushi mwingine wa heshima zaidi kidogo, kwamba neno limetoka kwenye champa, lile ua la India lenye harufu kali nzuri, kwa sababu maua yanatengenezewa mafuta ya nywele. Unavutia, na sauti zinakaribiana, ila maana ya kwanza kabisa ya neno kwa Kiingereza ilikuwa kukanda, haikuwa kunukia, kwahiyo ua linakosa pa kushika.

Ila hiyo "poo" yako haikwenda bure, maana wale watu walioamua kuacha kabisa kutumia shampuu kwenye nywele zao wanajiita kwa Kiingereza "no poo", wanacheza na neno hilohilo. Hapo uko kundi moja na wacheshi.

Kwanini Wafaransa kwenye chupa wanaandika "shampooing"? Si hiyo ni kitendo, sio kitu?

Macho yako makali dada. Kwa Kiingereza "shampooing" ni kile kitendo cha kuosha, Wafaransa wakalichukua na mkia wake wote wa ing, wakaliita jina la dawa lenyewe, na matamshi yao sasa, wanalisema kitu kama shampwe, ile e inapitia puani. Mwingereza akilisikia hatambui kama ni mali yake. Wahispania wanaandika champú, Wabrazili xampu, Waarabu wao hawana sauti ya p kwahiyo wanasema shambu.

Kilichonishangaza mimi ni India. Neno lilitoka kwao likiwa na maana ya kukanda, likazunguka Ulaya, likabadilishwa kazi, halafu likarudi nyumbani ndani ya chupa, na Wahindi wakalipokea kama mgeni. Leo Kihindi kina champi, ambayo ni kule kukandwa kichwa, mara nyingi kwa mafuta, na kina shaimpu, dawa la kuoshea nywele. Ni ndugu wa tumbo moja wanakaa nyumba moja na hawaulizani koo.

Mume wangu anaosha nywele kwa kipande cha sabuni ya kuogea, anasema shampuu ni sabuni ya maji tu, wanatuibia. Nisaidie.

Shemeji anayo hoja, ila imechelewa kama miaka tisini.

Zamani ni kweli, shampuu ilikuwa sabuni tu iliyopondwa au kuyeyushwa. Mjerumani mmoja wa Berlin, Hans Schwarzkopf, ndo mwaka 1903 akaanza kuuza shampuu ya unga kwenye pakiti, unachanganya na maji, na mwaka 1927 kampuni yake ikaleta ya maji. Tatizo la sabuni halisi ni kwamba imepikwa kwa mafuta na magadi, na ikikutana na maji magumu, yale yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, inagandana nayo inakuwa utando. Umeshaona ule ukoko wa kijivu unaobaki kuzunguka beseni? Sasa huohuo ndo unabaki kwenye nywele za shemeji. Anaosha, anasuuza, zinakauka, zinakuwa nzito na hazing'ai, anaongeza sabuni. Anapigana na sabuni kwa sabuni.

Mwaka 1934 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ikatoa shampuu inaitwa Drene, ambayo haikuwa sabuni kabisa. Ilikuwa na kemikali za kusafishia zilizotengenezwa maabara, na zenyewe hazigandi na maji magumu. Shampuu nyingi tunazotumia leo zinafuata njia hiyo. Molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, mikia inajichomeka kwenye ile nta ya kichwa pamoja na vumbi lake, vichwa vinabaki nje vinashikana na maji, ukimwaga maji vyote vinaondoka na uchafu wao. Povu wala halisafishi, lipo la kukufurahisha, ndo maana nywele zikiwa chafu sana raundi ya kwanza haitoi povu la maana afu ya pili linafurika.

Kingine, sabuni ya kipande huwa na pH, kile kipimo cha uasidi ambacho namba ikipanda uasidi unapungua, kama 9 au 10, na ngozi ya kichwa inapenda uasidi kidogo, kwenye 5 hivi. Unywele una magamba kama ya samaki, madogo sana, kwenye sabuni kali yanainuka na nywele zinaanza kukwaruzana na kusokotana. Mwambie ajaribu tu, apitishe vidole kwenye nywele zilizolowa akishaosha kwa kipande, kisha siku nyingine akishaosha kwa shampuu. Vidole vitamjibu.

Ila na yeye mpe kitu cha kujivunia. Hili neno lenyewe sabuni sisi tumelipata kwa Waarabu, sabun, nalo linarudi nyuma mpaka Kilatini, sapo. Na Mrumi mmoja mwandishi, Plinio Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 kule mlima Vesuvio ulipolipuka, anaielezea sapo kuwa ni kitu cha Wagali, wenyeji wa Ufaransa ya kale, kinatengenezwa kwa shahamu ya mnyama na majivu. Kazi yake unajua ilikuwa nini? Kutia nywele rangi nyekundu! Anaongeza kwamba huko kwa Wajerumani wanaume walikuwa wanaitumia kuliko wanawake. Kwahiyo angalia hayo maneno mawili yalivyopishana njiani, sabuni inapotajwa hapo ni kitu cha kichwani, leo ni ya mwili, na shampuu imeanza kuwa ya mwili leo ni ya kichwa. Shemeji akitia sabuni kichwani anafuata wazee wa zamani bila kujua.

Samahani kwa swali la aibu. Nilipewa zawadi ya manukato yameandikwa "eau de toilette". Yaani ni ya chooni? Mbona yananukia vizuri?

Hahaha, hapana mdogo wangu, jipulizie tu, aliyekupa hana ubaya na wewe.

Toile kwa Kifaransa ni kitambaa, toilette ni kitambaa kidogo. Ilikuwa ni kile kinachotandikwa juu ya meza ya kujipambia, au kinachofunikwa mabegani mtu akichanwa nywele asichafue nguo. Jina likahama kutoka kwenye kitambaa kwenda kwenye meza, kutoka meza kwenda kwenye kitendo chenyewe cha kujipamba, na hapo ndo manukato yako yanapoingia, maji ya kujipambia. Halafu likahamia kwenye chumba cha kujipambia, chumba kikawekewa maji, na mwisho kwa aibu ya watu kutotaka kutaja choo kwa jina lake wakalitupia hilo neno zuri. Sasa neno zuri limeshakuwa choo, na wenye aibu wametafuta lingine, bafu, maliwato, chumba cha kupumzikia, maana hamna neno litakalokaa pale bila kupata harufu.

Bwana harusi kwa Kiingereza ni groom, mtu wa farasi ni groom, na kujitunza mwili ni grooming. Uhusiano upo?

Wa farasi na wa kujitunza ndiyo. "Groom" zamani ni kijana, mtumishi wa kiume, akaja kuwa mtumishi wa zizini, anayemchana farasi na kumpiga brashi mpaka ang'ae, na kitenzi kikatokea hapo mwanzoni mwa karne ya 19, kwanza kwa farasi, baadaye kwa watu. Kwahiyo mtu akikusifia kwa Kiingereza kwamba umejitunza vizuri, sifa hiyo ilianzia kwa farasi. Ipokee tu.

Bwana harusi ni ajali. Kiingereza cha kale kilikuwa na brydguma, guma ni mwanaume, kwahiyo mwanaume wa bibi harusi. Guma likafa, watu wakawa hawalielewi tena, wakalichomolea mbali na kuweka groom mahali pake kwa sababu linafanana sauti. Unaona kaka wa sham na poo? Wenye lugha yao wenyewe waliangukia shimo lilelile.

Mimi ni bibi wa wajukuu wanne. Nasema shampo, binti yangu ananicheka mbele za watu ati niseme shampuu. Nani yuko sahihi?

Shikamoo bibi. Tukiandika gazetini tunaandika shampuu, kwa sababu zile o mbili za Waingereza mwishoni zinatamkwa u, hapo binti ana haki yake. Ila kule lilikotoka, yule anayeomba akandwe mgongo alisema champo, na mwisho wake ni o safi kabisa kama hiyo yako. Mwambie binti asome swali la kwanza, akimaliza aje akukande mabega.